Fundi wa Nyufa

Mjomba wangu alikuwa fundi rangi, na mtaa mzima ulimwita Chokaa. Jina hilo alilichukia, maana chokaa alikuwa ameiacha zamani, akawa mtu wa rangi za mafuta, vanishi na karatasi za ukutani. Lakini jina la utani ni kama doa la mafuta kwenye shati: kadiri unavyolisugua ndivyo linavyotapakaa. Mwishowe akaitika.

Ungepita mtaani kwetu siku zile ungetuhurumia. Nyumba za upande wetu wa barabara zilisimama kama wagonjwa kwenye foleni. Plasta imebabuka, madoa ya unyevu yamepanda hadi madirishani, na nyufa zinashuka ukutani kutoka juu hadi chini. Ungejiuliza hawa watu wanalalaje humo. Tulilala vizuri sana, asante. Ndani tulikuwa na vigae vya kung'aa, dari za mbao na mapazia mazito. Uchakavu wote ule wa nje ulikuwa kazi ya mkono wa mjomba.

Chanzo chake ni kodi ya majengo. Kila baada ya miaka michache jiji lilimtuma mthamini, naye hakuwa na habari ya kuingia ndani. Alisimama barabarani, akaitazama nyumba kama mtu anayetazama saa, akaandika kwenye daftari, akaenda ya pili. Nyumba ikipendeza, kodi inapanda. Mjomba, aliyelipwa maisha yake yote ili nyumba zipendeze, akagundua kwamba wapo watu watakaomlipa ili zichukize. Wengine husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulisema ukiziba ufa utalipa kodi, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Msidhani ilikuwa kazi ya kubahatisha. Mimi ni mwalimu, nimefundisha hesabu miaka kumi na mmoja, na bado siku za likizo nilikuwa nikimshikia ndoo kwa sababu nilipenda kumtazama. Kwanza aliizunguka nyumba kimya, akiupapasa ukuta, akiugonga kwa kifundo cha kidole, akiinamisha sikio.

"Ufa wa kweli hauanzi popote tu, mpwa wangu," aliniambia. "Unaanzia pembeni mwa dirisha, pale ukuta ulipochoka kubeba. Ukiuanzisha katikati, hata mtoto atakucheka."

Akishaijua nyumba, akishapata mahali ambapo ingepasuka kama ingekuwa ya kupasuka, alitoa brashi yenye nywele chache kuliko ndevu zake, akachovya kwenye masizi yaliyochanganywa na mafuta, akashuka na mstari. Kando ya mstari mweusi aliweka mwingine mwembamba, mweupe kidogo, kama ukingo unaopigwa na jua. Madoa ya unyevu aliyapika kwa majani ya chai. Mwisho alipitisha vanishi isiyong'aa ili mvua isimharibie kazi. Ukisimama hatua tano, ungeapa unaweza kuingiza kidole.

Nyumba yetu aliichora bure. Mama yangu ni dada yake mkubwa, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Alifua mashuka ya hospitali mpaka ngozi ya vidole ikabanduka, akamlipia mafunzo ya ufundi, halafu kwa kilichobaki akajenga chumba kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Mjomba alipoleta ngazi na kopo la masizi, mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimeijenga kwa mikono hii, leo unataka kuipaka ugonjwa?"

"Dada, ni mafua ya kusingizia tu. Utanishukuru."

Alibembeleza wiki nzima, na mama hajawahi kumnyima mdogo wake kitu. Chumba cha mbele, anacholala mama, kikapata nyufa tatu. Kwa kuwa ilikuwa nyumba ya dada yake, mjomba aliitia ufundi wake wote. Ndani yake, kama kuomba radhi, akambandikia karatasi ya ukutani yenye maua ya zambarau.

Tukaishi hivyo miaka sita. Miwili ya mwisho daraja la barabara kuu lilifungwa, na malori yote ya mizigo yakaelekezwa kwetu. Vikombe vilicheza kabatini mchana kutwa. Lami ikachimbika, mashimo yakaungana, mfereji wa maji ukafukiwa. Tukapiga kelele, tukaandika barua, tukamsumbua diwani mpaka akabadilisha namba ya simu. Na siku jiji lilipotangaza kwamba barabara itajengwa upya, pana, yenye mifereji pande zote mbili, tulishangilia. Hatukujiuliza upana huo utatoka wapi.

Ungetoka kwetu. Tulielezwa hayo katika ukumbi wa shule yangu, tumekaa kwenye viti vya wanafunzi, magoti yakigusa videvu. Mhandisi wa jiji, bwana mnene mwenye sauti ya upole, alibandika ramani ukutani na kutuonyesha mstari mwekundu. Mstari ulipita katikati ya vyumba vya mbele vya nyumba tisa. Ya kwetu ilikuwa ya nne.

"Hakuna atakayeonewa," alisema. "Kila mmoja atalipwa fidia kwa thamani ya jengo lake, kama ilivyo kwenye daftari la tathmini."

Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Fundi saa, jirani yetu, ambaye domo lake halijawahi kupata spea ya kulisimamisha, alikuwa ameanza kupiga makofi. Makofi yakaisha mikononi.

"Daftari lipi?" aliuliza.

"Lile lile la kodi."

Nikageuka kumtazama mjomba. Alikuwa amekaa pembeni karibu na mlango, kofia mapajani, anatazama mikono yake.

Mthamini akasimama. Safari hii alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye viatu vya vumbi na kalamu sikioni. Akaanza kusoma nyumba moja baada ya nyingine bila kuinua macho. Plasta imekwisha. Unyevu sugu. Msingi unatia shaka. Kila aliposoma, mwenye nyumba aliguna kama amepigwa ngumi ya tumbo, maana thamani zilikuwa za mabanda ya kuku, na hatukuweza kumlaumu yeyote. Tulikuwa tumelipia wenyewe.

"Nyumba ya nne," alisoma. "Ukuta wa mbele una nyufa kubwa tatu. Jengo ni hatari, halifai kukaliwa na watu. Thamani ya jengo, hakuna. Mmiliki atalipwa sehemu ya kiwanja inayochukuliwa."

Mama hakuguna. Alinigeukia akauliza polepole, kama asiyesikia vizuri, "Amesema hakuna?"

"Amesema hakuna, mama."

"Vyumba vyote?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nyumba yetu haikukatika kama nyingine. Paa lake ni moja, na ukiondoa chumba cha mbele vilivyobaki haviwezi kusimama. Bila fidia ya jengo mama angebaki na kipande cha ardhi na lundo la matofali, akiwa na miaka sitini na nane. Mshahara wangu haujengi hata choo. Nilikasirika, na nawaambia kweli, haikuwa hasira juu ya jiji. Nilitaka kumshika mjomba wangu kola.

Lakini mjomba alikuwa amekwisha simama.

"Zile nyufa si nyufa," alisema.

Mthamini akainua macho kwa mara ya kwanza. "Samahani, mzee?"

"Nimezichora mimi. Ni rangi."

Kelele iliyozuka nitaikumbuka siku zote. Haikuwa kelele ya kumuunga mkono. Watu wa mtaa wetu, waliokula naye, waliomwita fundi wa mafundi, walimpigia mayowe akae chini. Fundi saa alipanda juu ya kiti.

"Chokaa, funga mdomo! Ukifuta ufa mmoja umefuta za watu wote! Watatudai kodi ya miaka yote hiyo na faini juu!"

"Mimi nasemea nyumba ya dada yangu tu," mjomba alisema. "Nyumba zenu semeeni wenyewe."

"Ulikula hela zetu!"

"Na ninyi mkala za jiji. Tumeshiba wote."

Mhandisi alifunika mdomo kwa mkono. Nadhani alikuwa anacheka. Mthamini hakucheka. Alisubiri watu wachoke, kisha akasema maneno yaliyotunyamazisha mpaka kiti cha fundi saa kikasikika kinalia.

"Ufa unaofutika si ufa. Nitakuja kesho saa nne asubuhi nizione nyumba upya, ndani na nje, na nitaandika nitakachokiona. Kodi iliyokwepwa itakatwa kwenye fidia. Asiyetaka nije kwake aniambie sasa hivi, nitaacha daftari lilivyo."

Hakuna aliyemwambia. Kumbe hata ukitoa kodi na faini, nyumba ya kweli ilikuwa na thamani kuliko banda la uongo. Hesabu hiyo kila mtu aliifanya kichwani papo hapo, hata wale niliowafundisha wakashindwa kugawanya.

Jioni ile mjomba alikuja kwetu, akakaa kwenye kigoda jikoni kama mtoto aliyekosa. Mama alikuwa anakata vitunguu, na alivikata kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kesho nitazifuta zote tatu mbele yao," mjomba alisema. "Tapentaini na kitambaa, basi. Nyumba itabaki safi kama siku uliyoihamia."

"Na kama hazifutiki?"

"Dada! Mimi ndiye niliyezichora."

"Nakuuliza wewe, kwa sababu ulipozichora uliniambia hazitafutika kwa mvua wala jua."

"Kwa mvua na jua. Sikusema kwa tapentaini."

Mama aliweka kisu chini. Nilidhani atamgombeza, na nilitamani amgombeze, maana mimi tangu ukumbini nilikuwa nimekosa adabu ya kumsemesha. Badala yake alimjazia sahani. Ndivyo alivyo mama yangu kwa mdogo wake, na nimeshakata tamaa ya kumbadilisha. Mjomba alikula akiwa ameinama, na alipomaliza aliosha sahani mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Asubuhi barabara ilijaa watu kama kuna arusi. Wenye nyumba nane zilizobaki walikuja kuona kama dawa inafanya kazi kabla ya kuinywa wao. Mthamini alifika saa nne kamili akiwa na daftari lake, na mhandisi akimfuata huku akiruka madimbwi. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya mlango wake, amevaa gauni lake la mikutano, mkoba mapajani. Mimi nilisimama karibu naye nimeshika ndoo, kama zamani.

Mjomba alivaa ovaroli safi. Alipanda ngazi hadi ufa wa kwanza, ule wa kushoto mwa dirisha, akalowesha kitambaa, akapitisha mara moja, mara mbili. Mstari ulichafuka, ukawa ukungu wa kijivu, ukatoweka. Chini yake kulikuwa na ukuta mtupu, mzima, wa rangi ya maziwa. Watu wakapiga kelele. Fundi saa, bila haya, ndiye aliyepiga kubwa kuliko wote.

"Andika, binti yangu, andika!" alimwambia mthamini.

Mthamini alisogea, akapitisha kiganja mahali pale, akaandika.

Wa pili uliondoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Mjomba alianza kuchangamka. Alishuka, akahamisha ngazi, akamkonyeza mama. Nikaona mabega ya mama yakilegea, mkono ukiachia mkoba, na mimi mwenyewe nikajikuta natabasamu kama zuzu. Ulibaki ufa mmoja, ule wa pembe ya kulia ya dirisha, mrefu kuliko wote, unaoshuka mshazari hadi chini karibu na msingi. Mjomba aliupenda huo. Alikuwa akiwaleta wateja wauone.

Akalowesha kitambaa, akafuta. Kitambaa kikatoka cheusi. Akafuta tena. Ule mstari mweupe wa kando ukatoka, madoa ya chai yakatoka, masizi yakamwagika na kuchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mstari ulibaki.

"Huo umekolea, Chokaa!" mtu akapaza sauti. "Ulimpendelea dada yako!"

Watu wakacheka. Mjomba alilowesha tena na kusugua kwa nguvu, ngazi ikitikisika. Nilikuwa chini yake, nikaona uso wake. Nimeishi na uso ule tangu nizaliwe na sikuwahi kuuona ukiwa vile. Alitoa mfukoni kisu chake kirefu, chembamba, cha kukwangulia rangi. Akakiweka juu ya mstari bila kukisukuma, kama anayepima kitu. Kikaingia. Kikaingia mpaka kwenye mpini.

Mthamini alikuwa ameinamia daftari. Mhandisi alikuwa anamsikiliza fundi saa. Aliyeona ni mimi peke yangu, na mjomba alijua kuwa nimeona, maana alinitazama. Mgongo wake ulikuwa umeuziba ufa kwa watu wote.

"Vipi, mzee?" mthamini aliuliza, kalamu juu. "Na huo ni rangi?"

Ningependa kusema nilijua la kufanya. Sikujua. Nilifikiria vyumba vitatu na mashuka ya hospitali, nikafikiria neno moja tu ambalo mjomba angelisema na mama yangu akawa na paa juu ya kichwa chake mahali pengine. Nilitaka aliseme. Naona haya kuliandika hilo, lakini nilitaka. Angesema ndiyo, rangi imekolea, kesho ataimaliza; mthamini angeandika, na ufa tungeuziba kwa saruji kabla ya jioni. Aliyechora tatu angeshindwa kufuta mmoja?

Mjomba alishuka ngazi kidato kimoja kimoja. Akasogea pembeni ili watu waone kisu kikiwa kimesimama ukutani.

"Huu sikuuchora," alisema. "Niliuchora, lakini si huu. Malori yameufuata mkono wangu." Halafu akamgeukia mama. "Dada, inuka hapo. Inuka utoke kwenye ukuta huo."

Hakuna aliyecheka tena. Mhandisi alimwacha fundi saa na sentensi mdomoni, akaja mbio, akapiga goti, akaufuata ufa kwa kidole mpaka kwenye msingi. Kisha akasimama na kutuomba wote, kwa sauti ile ile ya upole, turudi nyuma hatua kumi.

Mimi niliingia ndani, ingawa walinikataza. Kitanda cha mama kilikuwa pale pale, kichwa kwenye ukuta wa mbele, shuka limetandikwa. Juu ya mto, kwenye maua ya zambarau, ilining'inia kalenda ya shule niliyoitundika mimi mwenyewe tangu mwaka juzi, karatasi ilipoanza kukunjamana na kuchanika mahali pale. Niliona panapendeza pakifunikwa. Vumbi jeupe lililokuwa likidondoka kwenye mto nililifagia kila Jumamosi nikiwalaani mchwa. Niliiondoa kalenda, na ncha ya kisu cha mjomba ilikuwa imechomoza kwenye ua moja, inang'aa.

Nilipotoka, mthamini alikuwa anaandika. Hakuandika kwa furaha, hilo nitamshuhudia. Alikuwa ameuma mdomo. Mjomba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mfereji uliofukiwa, mikono myeusi hadi viwikoni, analia bila kujificha. Mama alimwendea akasimama mbele yake, mkoba mkononi.

"Nisamehe, dada," alisema. "Nisamehe."

"Mwaka juzi niliuona unapanuka," mama alimwambia. "Niliweza kuingiza ukucha. Nikasema, huyu mdogo wangu ana mkono, angalia alivyouchora. Nikaendelea kulala."

Kisha akaniambia nikamtolee godoro.